Riwaya Kumi za Siasa, Friza Moja na Mende wa Mombasa

4 Machi 2023: Orodha na bajeti

Nikishaandika hapa sitaweza kujitoa kimya kimya, kwa hiyo naandika. Riwaya kumi za siasa, zote zilizochapwa kati ya 1900 na 1930, kwa miezi kumi na minane, kwa Sh. 60,000. Fedha ni malipo ya kusahihisha mitihani ya kidato cha nne, na Mama Rehema ameniachia kwa sharti moja: zikiisha zimeisha.

Riwaya ya siasa kwangu ni ile ambayo ukiing'oa siasa, hadithi nzima inaporomoka. Mapenzi yawemo, vifo viwemo, lakini swali la nani atawale na kwa haki gani ndiyo nguzo ya kati.

Karibu zote zinasomeka bure kwenye simu, na huko ndiko nilikozisoma. Ninachotafuta sasa ni karatasi yenyewe: matangazo ya kurasa za nyuma, muhuri wa duka, jina la mwenyewe kwa wino uliopauka. Nafundisha historia, na kidato cha tatu hawauamini mwaka 1906 mpaka waunuse.

Orodha ya kuanzia: The Jungle ya Upton Sinclair (1906), Mother ya Maxim Gorky (1907), The Secret Agent (1907) na Under Western Eyes (1911) za Joseph Conrad, The Iron Heel ya Jack London (1908), Prester John ya John Buchan (1910), The Ragged Trousered Philanthropists ya Robert Tressell (1914), The Home and the World ya Rabindranath Tagore (tafsiri ya Kiingereza, 1919), Batouala ya René Maran (1921) na Mhudi ya Sol Plaatje (1930).

Mhudi nimeiandika huku nikijua. Plaatje alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Afrika Kusini kilichokuja kuitwa ANC, na mswada wake ulikaa miaka kumi hivi kabla ya matbaa ya misheni ya Lovedale kuuchapa. Nakala za 1930 ni adimu, na walio nazo wanajua walicho nacho. Inabaki kwenye orodha kwa heshima tu.

Na kanuni niliyojiwekea: kila kitabu kiwe toleo la kwanza. Mtaona kilichoipata kanuni hiyo.

29 Aprili 2023: The Iron Heel, na ada ya shule

Kimefika, na nimeliwa.

London anasimulia jinsi matajiri wachache wanavyoinyakua serikali ya Marekani na kuwakanyaga wafanyakazi. Amekipanga kitabu kama hati iliyofukuliwa karne nyingi baadaye, yenye tanbihi za msomi wa zama hizo za mbele anayetushangaa sisi wa kale. Nilikitaka kuliko vyote, ndiyo maana sikuuliza maswali.

Muuzaji wa Marekani alikitangaza kuwa ni toleo la kwanza la 1908, dola 85, posta dola 28. Picha aliyoweka ilikuwa ya ukurasa wa hakimiliki: jina la Macmillan, na maneno kwamba kimechapishwa Februari 1908. Nini tena? Nikalipa. Kwa bei ya dola ya siku ile ni Sh. 15,400, robo ya bajeti yote.

Nilifungua bahasha mezani, Rehema akishika mkasi. Jalada safi, kurasa zimekamilika. Nikafika ukurasa wa jina la kitabu, macho yakateremka hadi chini kabisa panapokaa jina la mchapishaji, na hapo hapakuwa na Macmillan. Palikuwa na Grosset & Dunlap.

Nieleze vizuri maana mwingine ataingia shimo hili hili. Enzi hizo kitabu kikishauzwa kwa bei yake ya kwanza hadi soko likapoa, mchapishaji alikodisha mabamba ya chapa kwa kampuni za kuchapa upya kwa bei nafuu, na Grosset & Dunlap na A. L. Burt ndizo zilizovuma Marekani. Bamba la ukurasa wa hakimiliki lilisafiri pamoja na wenzake, tarehe ikiwa juu yake. Kwa hiyo ukurasa unasema 1908 huku karatasi imeingia mtamboni miaka kadhaa baadaye. Si kughushi, ndivyo biashara ilivyoendeshwa. Mwenye kosa ni anayeuza bila kusema na anayenunua bila kuuliza.

Baada ya kujua, nikachukua kioo cha kukuzia na kuona kila kitu nilichopaswa kukiona. Jicho la herufi "e" limeziba wino kurasa nyingi. Kuna mistari ya mwisho ya ukurasa ambayo herufi zake zimekatika miguu, dalili ya bamba lililochoka. Karatasi ni nene lakini nyepesi, imeshakuwa rangi ya chai ya maziwa.

Nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwa adabu kwamba ukurasa unasema 1908 naye ameuza 1908. Kukirudisha kungenila posta nyingine. Kwa bei ya kweli ni kitabu cha dola 12, labda 15.

Tangu leo silipi kabla ya kuona picha nne. Ya kwanza ni ukurasa wa jina, wote, mpaka ukingo wa chini. Ya pili ni mgongo wa huo ukurasa. Ya tatu ni mgongo wa kitabu chenyewe, hasa pale chini ambapo mchapishaji hupiga jina lake. Ya nne ni matangazo ya nyuma: tangazo likitaja riwaya ya 1915, basi kitabu hicho hakikuchapwa 1908 hata kikiapa.

17 Juni 2023: The Jungle

Picha nne zimefanya kazi. Doubleday, Page & Company, New York, Februari 1906, jina lile lile juu na chini. Kitambaa cha kijani kimepauka mgongoni, na bawaba ya jalada la mbele imevunjika, mtu akaishika kwa selotepu ambayo sasa ni kahawia kama sukari guru. Ndiyo maana kilikuwa dola 60. Posta 24.

Kisa cha kitabu hiki ni cha kufundishia. Sinclair alikitoa kwanza mfululizo katika gazeti la kisoshalisti mwaka 1905, akitaka Wamarekani wauone mkong'oto wanaoupata wahamiaji katika machinjio ya Chicago. Wao wakaiona nyama. Juni 1906 zikapitishwa sheria mbili za usafi wa chakula na ukaguzi wa nyama, na mchinjaji mwenyewe akabaki na mshahara wake ule ule.

Kilikaa wiki tatu forodhani. Muuzaji, kwa nia njema, alijaza kwenye fomu neno la Kiingereza la kitu cha kale chenye thamani. Katika vitabu vya ushuru duniani kote, vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 vina fungu lao, 9706, na vitabu vilivyochapwa vina lao, 4901, ila kilichovuka miaka 100 nacho huhesabiwa kitu cha kale. Kifurushi kikapelekwa kwenye fungu la masanduku ya Kichina na viti vya wafalme, nami nikaitwa kueleza thamani yake. Afisa aliyenihudumia alikifungua, akanusa, akauliza, "Mwalimu, hiki ndicho kitu cha kale?" Nikamwonyesha selotepu. Tulielewana, ila gharama ya kuhifadhi mzigo, Sh. 1,150, ilikuwa palepale.

Kwa wanaofuata: mwambie muuzaji aandike "kitabu kilichochapwa, kilichotumika" na, kama hakijavuka miaka 100, namba 4901. Asikusifie kitabu kwenye fomu.

Jumla hadi leo Sh. 28,310, kwa vitabu viwili, kimoja kikiwa na jina la kuazima.

16 Septemba 2023: Mende

Hii ndiyo sehemu ambayo vitabu vya wakusanyaji wa Ulaya havitakuambia, kwa sababu wao hawaishi Mombasa.

Mwishoni mwa Julai niliona jalada la The Iron Heel limeota mabaka meupe, ya duara, kama mapunye kichwani mwa mtoto. Nilidhani ni ukungu. Nikalifuta, halikufutika. Usiku nikaamka kunywa maji, nikawasha taa ya sebuleni, na nikawaona: mende watatu wamesimama juu ya jalada, wakila bila haraka. Vitambaa vya majalada ya zama zile vilijazwa wanga ili vikakamae na kushika rangi. Mende hataki siasa za London, anataka wanga wake. Analamba uso wa kitambaa na kuondoka na rangi.

Kosa la kwanza lilikuwa langu: niliweka vidonge vya nafthalini nyuma ya vitabu. Mende walihamia jikoni siku mbili wakarudi. Harufu haijatoka hadi leo, na kidato cha tatu wameniambia mwaka 1906 unanuka kama sanduku la bibi.

Kosa la pili: vile vipakiti vya silika, chembe za kufyonza unyevu, vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Niliomba mtaa mzima nikakusanya thelathini na kitu. Vilikuwa vimeshashiba maji ya hewa hii kabla sijavigusa. Nilipopata kipima unyevu (Sh. 1,400) kilisoma asilimia 78 nje ya dishi nilimoweka vitabu na 77 ndani.

Kilichofaa ni kufanya mambo kwa mpangilio: kwanza kuua, kisha kukausha, kisha kufunga. Kuua ni kwa baridi. Kitabu kinafungwa kwenye nailoni isiyopitisha hewa, hewa inabanwa itoke, kinakaa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitolewa hakifunguliwi mpaka kesho yake, ili jasho litoke juu ya nailoni na si juu ya karatasi. Swali likawa nailoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, huendi tu dukani ukaomba. Nilitumia nailoni iliyofunika godoro letu jipya, nikaikata vipande na kuifunga kwa mkanda wa gundi.

Friza ni ya Mama Rehema na ndani yake mlikuwa na kolekole wa wiki nzima. Tulikubaliana: vitabu upande wa kushoto, samaki kulia, na asiulizwe mtu kuhusu harufu. Siku ya tisa ikawa Ijumaa, tarehe 25 Agosti. Umeme ukakatika usiku nchi nzima, ile mara iliyofika hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Kufikia Jumamosi mchana samaki walianza kulegea. Mama Rehema alitoa samaki, akawakaanga wote, tukala na majirani. Mimi nikasimama mbele ya friza nikijiuliza kama baridi iliyokatika katikati inahesabika.

Haihesabiki. Mdudu akipata joto la kati anapata nafasi, na mayai yake ndiyo magumu kuliko yeye. Nilianza hesabu upya tangu siku ya kwanza. Vimetoka wiki hii.

Sasa vinakaa kwenye madishi mawili ya plastiki yenye mifuniko ya kubana, na silika ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ikigeuka naikausha kwenye oveni kwa muda wa saa mbili hivi. Ndani ya dishi sasa ni asilimia 50, na nikiweza kuishikilia kati ya 45 na 55 nitalala. Gharama zote za mende, pamoja na kipima unyevu, Sh. 3,600. Mabaka hayaponi.

9 Desemba 2023: Nairobi, vitabu vya kuinama

Nipo Nairobi kusahihisha mitihani. Jioni huzunguka kwa wauza vitabu wanaotandaza chini kando ya barabara za katikati ya mji. Ukitaka kuona lazima uinamie, na mgongo wangu una miaka 51.

Chini ya rundo la vitabu vya uhasibu, kitabu chekundu kilichochujuka, hakina hata maandishi yanayosomeka mgongoni. Nikafungua: Under Western Eyes, Methuen, London, 1911. Moyo ukaruka. Halafu nikaona kwenye ukurasa wa jina maneno ya ziada, kwamba ni la maktaba ya makoloni.

Zamani ningekirudisha. Toleo la kwanza la nyumbani Uingereza ni mamia ya dola, hili la makoloni ni la daraja la chini kwa wakusanyaji. Lakini nilikaa nalo pale pale kwenye kibao cha muuzaji, na kadiri nilivyolitazama ndivyo nilivyoona kwamba hili ndilo nililokuwa nikilitafuta bila kujua.

Wachapishaji wa London walikuwa na mistari maalumu ya vitabu kwa ajili ya himaya. Macmillan walianza wao 1886, na wengine wakafuata. Mara nyingi karatasi zilizochapwa zilikuwa zile zile za toleo la nyumbani, siku ile ile mtambo ule ule, ila zilipewa ukurasa mwingine wa jina na jalada rahisi, zikauzwa India na makoloni tu kwa bei nafuu. Kuziuza Uingereza kulikatazwa. Maana yake ni kwamba nakala ya toleo hili uliyoipata Nairobi ina kila sababu ya kuwa ilishuka Kilindini kwa meli na kupanda garimoshi.

Hii ilipanda. Ndani ya jalada pana muhuri wa zambarau wa maktaba ya klabu fulani ya masetla, na chini yake kwa wino: "Nakuru, 1913". Kuna mtu alikaa barazani Nakuru, juu ya ardhi ambayo wenyewe walikuwa wameshahamishwa, akasoma habari za Razumov, mwanafunzi wa Kirusi aliyemsaliti mwenzake kwa serikali ya kimabavu kisha akatumwa Geneva kuwapeleleza wakimbizi. Ukurasa wa 40 na kitu pana duara la glasi. Sijui alikunywa nini lakini naweza kukisia.

Muuzaji aliniangalia. "Mwalimu, hicho ni elfu moja." Nikamwambia mgongo wake hausomeki. "Basi mia saba, na uchukue hiki kidogo mia mbili hamsini." Hiki kidogo kilikuwa Prester John, chapa ya bei nafuu ya Nelson. Ni riwaya ya mhubiri Mwafrika anayepanga maasi Afrika Kusini, na mwandishi yuko upande wa wanaoyazima, bila aibu. Nimekinunua. Darasani nitakiweka kando ya Maran ili kila mmoja amjibu mwenziwe.

Kanuni ya toleo la kwanza imekufa leo. Badala yake: nakala iliyoshikwa na watu wa wakati ule, na ikiwezekana huku kwetu.

20 Januari 2024: Batouala na kisu cha jikoni

Dola imekaribia shilingi 160 na yuro imezidi 170, kwa hiyo Marekani nimeifunga kwa sasa. Ufaransa kuna jambo jema: vitabu vyao vya zama hizo vilitoka na jalada la karatasi tu, havikutunzwa, na bei yake ni ya nyanya. Batouala, Albin Michel, yuro 12, posta 15. Sh. 4,725.

Maran alizaliwa na wazazi wa Guyana ya Kifaransa, akawa afisa wa serikali ya kikoloni huko Ubangi-Shari, ambako leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Aliandika riwaya ya chifu wa kabila la Banda, na akaitanguliza kwa dibaji inayowasema maafisa wenzake waziwazi. 1921 akapewa Goncourt, tuzo kubwa ya fasihi ya Ufaransa, mweusi wa kwanza kuipata, na kitabu kikapigwa marufuku katika makoloni ya Afrika. Cheo akakipoteza baadaye.

Tahadhari ya kununua: wachapishaji wa Kifaransa walipiga kwenye jalada idadi ya maelfu yaliyochapwa. Nakala yangu ina namba kubwa, ndiyo sababu ya bei. Tarehe peke yake haitoshi kukuambia ni chapa ya ngapi.

Sasa kosa. Robo ya mwisho ya kitabu ilikuwa haijakatwa kurasa. Zama hizo karatasi zilikunjwa na kushonwa, na msomaji mwenyewe alizichana kingo kwa kisu cha karatasi. Kumbe mwenye nakala hii mwaka 1921 alichoka njiani. Nikachukua kisu cha jikoni, kile kikali cha kuchuna samaki, nikaanza. Kurasa nne ziliteleza kama siagi. Ya tano, kisu kikaacha mkunjo na kuingia ndani ya maandishi, sentimita tatu, katikati ya sentensi. Karatasi ya miaka ile ya baada ya vita ni ya massa ya mbao yenye asidi, haina nguvu hata ya kulalamika.

Kisu kiwe butu. Hilo tu. Makali hukata popote, butu hufuata mkunjo kwa sababu hapo ndipo karatasi imeshachoka. Kurasa zilizobaki nilizikata kwa kadi ya plastiki ya zamani ya benki, mkono ukiwa bapa, polepole. Wapo wakusanyaji wanaosema kitabu kisichokatwa kiachwe hivyo hivyo kwa sababu ya thamani. Kwangu kitabu cha kusomwa nusu ni nusu kitabu.

30 Machi 2024: Gundi

Mpasuko wa Batouala na bawaba ya The Jungle vilihitaji gundi, na gundi nilijua: unga wa ngano na maji, moto mdogo, koroga. Nilipika, nikapaka, nikaridhika. Baada ya siku sita mpasuko umeota manyoya ya kijivu.

Nikapeleka kwa fundi wa Mji wa Kale anayejalidi misahafu. Kazi hii pwani ni ya tangu jadi. Siyu, kisiwani Pate, waliandika na kujalidi misahafu ambayo leo watu wanaitazama kwenye vioo vya makumbusho. Ramadhani ilikuwa imeingia, foleni ya misahafu ya kutengenezwa imefika mlangoni, na mimi na riwaya yangu ya Kifaransa. Alinipa nafasi baina ya adhuhuri na alasiri.

Alinusa. "Mwalimu, hii uliyopika ni uji. Tena uji wa mgonjwa."

Kosa ni kutumia unga mzima. Ndani ya unga mna wanga na mna ule utomvu unaovutika kama mpira, na huo utomvu ndio unaovutia ukungu na wadudu kuliko wanga wenyewe. Unatakiwa wanga peke yake. Kanda donge gumu la unga, liache nusu saa, kisha likande tena ndani ya bakuli la maji mpaka maji yawe meupe kama tui. Donge litakalobaki mkononi, linalonata na kuvutika, tupa. Maji yaache usiku kucha, wanga utazama chini. Mwaga maji ya juu, pika ule wanga na maji safi, uchuje kwa kitambaa. Pika kidogo tu, hautadumu siku nyingi kwenye friji.

Karatasi ya kiraka ni ile ya Kijapani (nilileta kwa Sh. 2,200, karatasi kumi), na haikatwi kwa mkasi. Alichora mstari wa maji kwa ncha ya brashi, akaichana kwa vidole, nyuzi zikabaki zimechomoza pembeni kama nywele za masikioni. Nyuzi hizo ndizo zinazoshika. Akapaka, akalaza, akaweka karatasi ya nta juu na chini, akapandisha jiwe la kusagia. Nilirudi kesho yake. Ukipitisha kidole unausikia mpasuko, ukitazama unausoma bila kujikwaa.

Kuhusu selotepu ya The Jungle alikataa kuigusa. Ule utepe wenyewe umekauka na utang'oka siku yake, lakini gundi yake imeshaingia ndani ya karatasi na haina dawa ya kwetu. Alitia kiraka cha kitambaa ndani ya bawaba. Malipo Sh. 1,500, na hakutaka kuongezwa.

12 Mei 2024

The Home and the World imekuja bila senti. Familia moja ya Kihindi tunayofahamiana nayo inahamia kwa watoto wao ng'ambo, wakaniita nichague kabla ya vitabu kwenda kwa muuza karatasi za kufungia. Macmillan, 1919. Tagore anasimulia Bengali ya wakati wa kugomea bidhaa za Kiingereza, na anawaogopa wachochezi karibu sawa na anavyowachukia watawala. Mchwa wamechimba handaki moja kutoka jalada la nyuma hadi ukurasa wa 200. Friza wiki mbili, safari hii bila kukatika.

6 Julai 2024: Tressell mara mbili

Juni ilipita na maandamano ya Muswada wa Fedha, hakuna aliyekuwa na hamu ya riwaya. Au ndivyo nilivyodhani, mpaka mwanafunzi mmoja alipokuja kuazima The Iron Heel na mapunye yake.

Tressell alikuwa mpaka rangi, jina lake la kweli Robert Noonan. Alikufa 1911 bila kuona kitabu chake kikichapwa. Binti yake ndiye aliyeupigania mswada, Grant Richards wakautoa 1914 ukiwa umekatwa sana na mhariri, siasa ya ujamaa ikipata makali ya mkasi kuliko kitu kingine. 1918 ukatoka tena, mfupi zaidi, kwa bei ya chini. Matini kamili haikutoka hadi 1955.

Nilinunua ya 1918 (Sh. 3,795 na posta) kwa sababu iko ndani ya miaka yangu. Nikaisoma na kushindwa kuelewa wanaosema kitabu hiki kiligeuza maisha yao. Hicho nilichonacho ndicho walichokisoma watu wa 1918, kweli, lakini si alichokiandika yeye. Nikaagiza ya 1955, Sh. 3,465. Imevunja kanuni ya 1930, na kati ya hizo mbili ndiyo pekee yenye maneno yote ya mwandishi. Zinakaa pamoja, nene na nyembamba, na darasani nitaanza na hizo.

31 Agosti 2024: Kisauni

Miezi kumi na minane imetimia. Kwenye dishi: riwaya saba kati ya kumi, juzuu nane. Mother na The Secret Agent sikupata nakala ninayoimudu. Mhudi sikuitafuta kwa dhati. Nimetumia Sh. 49,005 pamoja na kilo mbili za sukari na majani ya chai vya leo, Sh. 460.

Sukari na majani vilikuwa vya mzee mmoja wa Freretown, ng'ambo ya daraja. Fundi wangu wa Mji wa Kale ndiye aliyenidokezea kwamba anacho Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, chapa ya kwanza ya Sheldon Press, London, 1934. Miaka minne nje ya mpaka wangu, lakini baada ya Tressell mpaka umeshalegea.

Freretown ilianzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, na Mbotela ni mtoto wa historia hiyo. Kitabu kinasimulia kukamatwa, majahazi, manowari za Kiingereza, na kushushwa hapa, na kinawashukuru Waingereza kurasa nyingi, miaka ambayo Waingereza hao hao ndio waliokuwa wakitawala. Ukikiita riwaya wapo watakaobisha. Kwamba ni siasa hakuna wa kubisha.

Nilimwamkia mzee, tukakaa kwenye kibaraza, chai ikaja. Kitabu alikileta kimefungwa kwenye leso. Hakina jalada. Kurasa za mwanzo zimeshonwa kwa uzi mweupe wa kushonea nguo. Ukingoni, kwa penseli, pana mwandiko mdogo ulioinama: majina ya watu, na kando ya baadhi ya aya za shukrani, alama ya kuuliza iliyokolezwa mara mbili.

"Ni wa baba," akasema. "Haya majina ni ya waliomlea."

Nilikuwa nimekuja na bei kichwani, Sh. 10,000 kati ya zilizobaki. Sikuitaja. Aliitaja yeye. "Hakiuzwi, mwanangu. Lakini kusoma sikukatazi mtu."

Nimepiga picha ukurasa wa jina na kurasa kumi na moja zenye penseli. Nimemwachia kipande cha nailoni ya godoro na silika, nikamweleza habari ya mende, akacheka, akasema mende wa Kisauni wanakula mpaka sabuni. Nilipoinuka kuaga nikamwomba kama naweza kuja na kidato cha tatu.

"Walete Jumamosi. Waje na mikono waliyoinawa."